Miezi kumi na alaina: meno yamenyooka, mwanya wangu nimebaki nao

Asalaam alaykum watazamaji wangu, hamjambo nyote. Leo nipo Raskazone, hapa kwetu Tanga, upepo wa bahari mtausikia kwenye maiki, mnivumilie. Kabla sijasema lolote, tazameni picha hii. Ni mimi, siku ya harusi ya mdogo wangu. Mnaona? Ukumbi mzima unacheka, mimi nimefumba mdomo. Haya, sasa nitazameni usoni. Nacheka, na meno yote mnayaona.

Wengi mmeniuliza nimefanya nini, na wengine mmedhani nimevalisha meno ya bandia. Hapana. Meno ni yangu yale yale, yamehama tu. Na kilichoyahamisha ndicho hiki hapa mkononi, ngoja nikisogeze kwenye kamera. Ni plastiki nyembamba, angavu, imefinyangwa kwa umbo la meno yangu mimi, haimkai mtu mwingine. Inaitwa alaina. Unavaa ya juu na ya chini, na mtu aliyesimama mbele yako huenda asijue kama umevaa kitu. Ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, chapa ya Invisalign ikiwa ndiyo iliyoipa umaarufu, na siku hizi wanaotengeneza ni wengi. Hii yangu sitaitaja jina, kwa sababu katika kazi hii daktari ana uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Meno yangu yalikuwa yamepandana. Chonge hii ya kushoto ilitokea juu kabisa kwenye ufizi, na jino lililo jirani yake lilikuwa limerudi nyuma, limejificha. Daktari alipitisha skana ndogo mdomoni, picha ya meno ikaingia kwenye kompyuta, akapanga safari ya kila jino hatua kwa hatua. Kila hatua ina alaina yake. Mimi nilipewa jozi 24, nikibadilisha kila baada ya siku 10. Kila moja hulisukuma jino kama robo milimita tu.

Mtu atasema robo milimita ni nini? Sikilizeni, jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo ndani ya tundu la mfupa. Ukilisukuma taratibu, mwili wenyewe unaula mfupa wa upande linakoelekea, na upande linakotoka unajenga mfupa mpya. Kazi hiyo haina haraka. Ukilazimisha, unaumiza mzizi. Ndiyo maana anayekuahidi tabasamu jipya kwa wiki mbili, mwache apite.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii.

Siku daktari aliponionyesha kwenye kompyuta meno yangu yatakavyokuwa mwishoni, nilinyamaza. Yalikuwa yamepangika safi, meupe, yamebanana kama punje za mahindi. Lakini mwanya haukuwepo. Mwanya huu hapa wa mbele alikuwa nao bibi mzaa mama, anao mama, ninao mimi. Huku kwetu pwani mwanya ni pambo. Bibi harusi akitabasamu na mwanya wake, utasikia wanawake wanaupigia vigelegele. Mpango wa kompyuta ulikuwa umeuhesabu kama kasoro ya kuzibwa. Nikamwambia, "Daktari, naomba huo mwanya usiuguse."

Hakunibishia. Aliniuliza kwanza kama nimekuwa nao tangu utotoni au umefunguka ukubwani, akanipima ufizi. Ana haki ya kuuliza, maana mwanya unaojifungua ukubwani unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ufizi, na huo hutibiwa kabla ya mengine yote. Alipojiridhisha kwamba ni wa kuzaliwa, alirudi kwenye kompyuta, akapanga upya, akauacha milimita moja na nusu. Dakika chache tu. Ningekaa kimya, leo ningekuwa na meno mazuri ya mtu mwingine.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, unapokaa kwenye kile kiti, angalia ile picha ya mwisho mpaka uridhike. Sema unachotaka kubaki nacho, si unachotaka kuondoa peke yake. Mpango ukishaidhinishwa, alaina zinakwenda kutengenezwa, na kubadilisha katikati ni kuanza kupima tena.

Nini kimebadilika usoni? Chonge imeshuka, ipo mstari mmoja na wenzake. Ili ishuke, daktari alibandika vinundu vidogo vyenye rangi ya jino ili alaina ipate pa kushika. Mwisho wa kazi alivisugua vikatoka. Lile jino lililojificha limetoka mbele, na hapa kuna siri: zamani lilionekana jeusi kwa sababu lilikaa kivulini. Sasa mwanga unalifikia na rangi yake ni sawa na ya mengine. Na safu ya juu imepanuka kidogo, basi nikicheka, zile kona zilizokuwa na giza pembeni ya mdomo zimejaa.

Kisichobadilika ni rangi. Alaina husogeza, haisafishi. Ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro, ambao maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi, yale madoa ya kahawia yatahama pamoja na jino. Rangi ina tiba yake nyingine. Na tazameni hapa chini, karibu na ufizi: mnaona kipembetatu cheusi kidogo kati ya meno mawili? Hakikuwepo. Meno yaliyopandana yakinyooka, wakati mwingine ufizi haujazi nafasi iliyobaki. Daktari aliniambia mapema, nami nakuambieni mapema. Mimi hakinisumbui.

Maisha ya kila siku sasa. Alaina inataka saa 20 mpaka 22 mdomoni kwa siku. Unaitoa wakati wa kula na kunywa, isipokuwa maji. Kwa mtu wa Tanga huo ni mtihani. Sisi chai ya maziwa yenye iliki, sisi kahawa na kashata barazani, mtu anashika kikombe saa nzima. Huwezi. Kinywaji cha moto kinaipinda plastiki, kahawa inaipaka rangi, na sukari inayobaki chini ya alaina inakaa juu ya jino mate yasiweze kuiosha. Hapo jino linatoboka. Hata machungwa yetu ya Muheza nilijifunza kula yote kwa mkupuo mmoja, nasukutua maji, nangoja kidogo, napiga mswaki, narudisha. Ioshe kwa maji ya kawaida na sabuni ya maji kidogo. Maji ya moto, usithubutu.

Mwezi wa Ramadhani ndio ulionishangaza. Nilidhani utakuwa mgumu, kumbe ukawa mwepesi kuliko miezi yote. Baada ya daku nasafisha vizuri, navaa, sivui mpaka magharibi: saa 13 hivi bila kugusa. Futari, tarawehe, narudisha.

Kuongea? Wiki ya kwanza "s" na "sh" zilinipa tabu, na mimi nasherehesha harusi, kazi yangu ni ulimi. Nilisoma kwa sauti kila asubuhi, siku ya tano ulimi ukazoea. Maumivu yapo, siku mbili za mwanzo wa kila jozi, ni kama jino limebanwa. Wala si ya kulaza mtu.

Nilipoteza jozi ya tisa kwenye harusi. Niliifunga kwenye karatasi ya tishu wakati wa biriani, sahani ikaondolewa, tishu ikaenda nayo. Niliumia sana. Nilimpigia daktari, akaniambia nirudi kwenye ya nane mpaka nipate mpya, wala nisikae bure hata siku moja, maana meno yanarudi nyuma. Tangu siku hiyo kisanduku hakitoki kwenye mkoba, na jozi iliyopita siitupi.

Mwisho wa zile 24, chonge ilikuwa bado imegeuka kidogo. Jino la mviringo ni gumu kuzungushwa na plastiki. Nikapimwa upya, nikaongezewa jozi sita, siku 60. Jumla miezi kumi, na kila miezi miwili nilipanda basi kwenda Dar es Salaam kukaguliwa. Gharama ni mamilioni ya shilingi, weka na nauli. Kama fedha ni kikwazo, waya za kawaida zinafanya kazi hii hii, na kwa meno yaliyopinda sana au yaliyogeuka sana zinafanya vizuri zaidi. Na tatizo likiwa ni taya lenyewe, kwamba la chini limetangulia mbele mno, plastiki peke yake hairekebishi.

Naomba sana, zile plastiki za saizi moja zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kitenge, usinunue. Kifaa ambacho hakikupima mdomo wako hakijui jino lako liende wapi. Hata kampuni kubwa ya Marekani, SmileDirectClub, iliyokuwa ikiwatumia watu alaina nyumbani kwa posta, ilifungwa Desemba 2023, na wateja wengi waliachwa katikati ya matibabu. Unataka mtu wa kumfuata akuangalie mizizi kwa picha ya eksirei na ufizi kwa macho yake.

Hii ya mwisho ninayowaonyesha inaitwa ritena. Inafanana na alaina ila haisukumi, inazuia tu meno yasirudi yalikotoka, maana zile nyuzi hukumbuka. Miezi ya mwanzo nimevaa mchana na usiku, sasa ni usiku tu, na daktari amesema usiku nitaendelea miaka yote. Sogea karibu na kamera uone: hapa katikati, plastiki imeingia ndani kidogo, imefuata umbo la mwanya.