Hema la mtu mmoja la kuvulia usiku: uzoefu wangu

Anayevua usiku kucha anahitaji mahali pa kujilaza huku fimbo zake anaziona. Hapo ndipo hema la mvuvi linapoachana na hema la mpanda milima. Samaki akibeba chambo saa tisa usiku, hakuna nafasi ya kupapasa zipu gizani. Uwe umeshashika fimbo kabla hajakimbilia kwenye mawe na kukukatia mshipi.

Kwa sababu hiyo mahema madogo ya kulalia niliyaweka kando mapema, ingawa bei yake inavutia. Mlango ni finyu na unatoka kwa kutambaa. Yale yanayojifungua yenyewe ukiyarusha ni ya haraka kweli, ila yakikunjwa huwa duara pana, na kulibeba mgongoni pamoja na fimbo na mkoba wa vifaa ni kero tupu. Mwavuli mkubwa wa kuvulia ni mwepesi na unafaa usiku uliotulia. Upepo ukigeuka, mvua inakufuata kitandani.

Nikachukua hema la umbo la nusu kuba, la tabaka moja, ambalo upande wote wa mbele unafunguka. Kina chake ni kama mita moja na nusu tu, kwa hiyo kitanda cha kukunja nakilaza kwa mapana, sambamba na mlango. Nikiinua kichwa naona maji, nikishusha miguu niko nje. Kabla ya kununua, pima kitanda chako: vingi vinakaribia mita 2, na ukuta ulioinama hula nafasi kichwani na miguuni.

Kuhusu mvua, wauzaji hupenda kutaja milimita. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Langu ni la poliesta ya milimita 3,000, na paani sijaona hata tone likipenya. Sakafu ndiyo inayodai namba kubwa zaidi, maana miguu ya kitanda na magoti huikandamiza kwenye udongo uliolowa. Lakini mimi huanza na mishono. Ligeuze hema ndani nje uone kama kila mshono umezibwa kwa utepe. Usipozibwa, maji yatapita kwenye matundu ya sindano hata kitambaa kiwe bora namna gani.

Kasoro mbili. Vigingi vilivyokuja nalo ni vyembamba, vinapinda kwenye ardhi ngumu na kung'oka kwenye mchanga, kwa hiyo nilinunua virefu na vinene. Halafu kuna unyevu: ukifunga kote, pumzi yako inageuka matone juu ya kitambaa na alfajiri yanakudondokea. Ninaacha tundu la hewa la nyuma wazi hata kukiwa na baridi, na mgongo wa hema naelekeza upepo unakotoka.

Jiko usiliwashe humo ndani kamwe, liwe la mkaa au la gesi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki.

Kwa bei nafuu niliyolipa ningelinunua tena, ila safari hii ningetafuta lenye chandarua kamili mlangoni. Langu halina, na karibu na maji yaliyotuama mbu hawakupi usingizi.