Uzoefu wangu: somo la Serikali ya Texas chuoni Houston

Wadogo zangu wanaoanza chuo hapa Houston huniuliza swali lile lile kila muhula: hili somo la Serikali ya Texas lina kazi gani kwa mtu anayetafuta shahada ya unesi? Nililisoma katika chuo cha jamii, darasani, muhula mzima, na jibu langu ni kwamba kati ya masomo yote ya lazima niliyopitia, hili ndilo lililonisaidia zaidi kwenye maisha ya hapa. Ila linategemea sana umelichukua kwa njia gani, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Kwanza taratibu. Sheria ya Texas hairuhusu chuo cha umma kumpa mtu shahada ya kitaaluma kabla hajamaliza krediti 6 za masomo ya serikali. Kwa kawaida hugawanywa mara mbili: GOVT 2305, serikali ya shirikisho, krediti 3, na GOVT 2306, serikali ya Texas, krediti 3. Namba hizo ni zile zile katika vyuo vya jamii vya jimbo zima, kwa hiyo ukihamia chuo kikuu cha umma unakwenda nazo. Mtihani wa CLEP wa somo la serikali ya Marekani, ambao ukifaulu unapata krediti bila kukaa darasani, unaweza kukuokolea upande wa shirikisho, lakini upande wa Texas itabidi uusome. Na usiingie ukidhani la pili ni marudio ya la kwanza. Haya ni masomo mawili mbali kabisa.

Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea serikali yenye mlolongo unaoeleweka. Rais anamteua mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, na ukiuliza nani mwenye amri utaoneshwa mtu. Nilipofika Texas nikamwona gavana kwenye televisheni nikaamini yeye ndiye mwenye amri zote. Somo hili linakufungua macho mapema. Naibu gavana huchaguliwa kwa kura tofauti na ya gavana. Mwanasheria mkuu wa jimbo vivyo hivyo, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi, kamishna wa kilimo, wote wanachaguliwa na wananchi, na gavana hana uwezo wa kumfukuza hata mmoja wao. Bunge lenye wawakilishi 150 na maseneta 31 hukutana kwa kikao cha kawaida mwaka usiogawanyika kwa mbili tu, kwa siku zisizozidi 140, na mbunge hulipwa dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za kikao. Fikiria mwenyewe nani anaweza kuacha kazi kwa karibu miezi mitano kwa mshahara huo. Muuguzi hawezi. Dereva wa lori hawezi. Wakili mwenye ofisi yake anaweza.

Mwalimu wetu alitumia muda mrefu kueleza chanzo cha mfumo huu, na hapo ndipo aliponikamata. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Texas ilipata katiba ya mwaka 1869 iliyompa gavana nguvu nyingi. Gavana huyo alikuwa Edmund J. Davis, mtu wa Texas aliyepigana upande wa Muungano, yaani jeshi la Kaskazini. Aliteua maofisa wengi na kuunda polisi wa jimbo, na ndani ya polisi hao walikuwamo watu weusi, katika jimbo ambalo miaka michache nyuma liliwahesabu kama mali. Aliposhindwa uchaguzi wa 1873 alikataa kutoka ofisini, akaomba Rais Grant wa Marekani amletee jeshi, Grant akakataa, na Januari 1874 Richard Coke aliyemshinda akachukua kiti. Walioandika katiba ya 1876, wakulima wengi wa chama cha Grange wakiwamo, waliiandika ili asitokee Davis mwingine. Katiba hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, na imeshafanyiwa marekebisho zaidi ya 500 kwa sababu imeingia hadi kwenye mambo madogo ambayo kwingine yangeachwa kwa sheria ya kawaida.

Zamani hadithi hii ilifundishwa kana kwamba Davis alikuwa dikteta na wananchi wakajikomboa. Mwalimu wetu alituuliza: wananchi gani? Nani aliyekuwa akilalamikia polisi wale, na nani aliyekuwa akilala usingizi kwa sababu yao? Darasa lilikaa kimya kwanza, kisha mjadala ukawaka mpaka muda ukaisha. Kwa saa kama ile peke yake ningelipa ada tena.

Sehemu ya utamaduni wa kisiasa huja mwanzoni mwa muhula, na msingi wake ni Daniel Elazar, msomi ambaye katika miaka ya 1960 aliyagawa majimbo ya Marekani katika tamaduni tatu. Kuna utamaduni wa kimaadili, ambako serikali inaonekana kama chombo cha kujenga jamii njema na kila mtu ana wajibu wa kushiriki; Minnesota ndiyo mfano unaotajwa sana. Kuna wa kibinafsi, ambako serikali ni kama soko, ifanye machache na iwaachie watu shughuli zao. Na kuna wa kimapokeo, uliokita Kusini, ambako siasa ni kazi ya tabaka la juu na lengo ni kulinda mpangilio uliopo. Texas huwekwa kwenye mchanganyiko wa hizi mbili za mwisho.

Ni nadharia inayosaidia. Ukishaielewa, mambo mengi ya hapa yanapata mantiki: kutokuwapo kwa kodi ya mapato ya jimbo, na uamuzi wa wapiga kura mwaka 2019 wa kuipiga marufuku ndani ya katiba, mishahara midogo ya wabunge, na mashaka ya watu kila serikali inapotaka kuongeza jambo. Lakini nina ugomvi nayo, na niliuandika kwenye insha yangu. Elazar alieleza tamaduni hizo kwa kufuata njia za wahamiaji wa zamani, wengi wao kutoka Ulaya, walivyosambaa kuelekea magharibi. Houston ya leo, yenye Wanaijeria, Wavietnamu, Wasalvador, Wakongo na sisi wengine, inakaa wapi humo? Tena, kuita hali ya kutoshiriki siasa utamaduni kunaweza kuficha kwamba watu walizuiwa. Texas iliweka kodi ya kupigia kura mwaka 1902. Kura za mchujo za chama cha Democratic, ambazo ndizo zilizoamua nani atatawala, ziliwafungia nje weusi mpaka daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alipokwenda mahakamani na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi mwaka 1944 katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright. Barbara Jordan alipochaguliwa mwaka 1966 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Texas tangu 1883. Mtu aliyefungiwa mlango kwa miongo mingi huwezi kusema ana desturi ya kukaa nje. Mwalimu hakukubaliana na kila nilichoandika, lakini aliniandikia maswali pembeni mwa karatasi nzima, na ndivyo napenda kufundishwa.

Kazi iliyonishika zaidi ilikuwa ya karatasi moja tu. Tuliambiwa kila mtu alete bili ya kodi ya majengo, ya kwake au ya ndugu, aisome mstari kwa mstari. Mimi nimepanga, nikaenda kwa shangazi yangu upande wa kaskazini magharibi. Anwani yake inaandikwa Houston, miaka yote anajiita mtu wa Houston. Tukaikunjua bili mezani: Kaunti ya Harris, wilaya ya shule, mamlaka ya kudhibiti mafuriko, bandari, wilaya ya hospitali, chuo cha jamii, na wilaya ya maji ya mtaa wao. Jiji la Houston halimo. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, sasa meya wangu nani?" Hana meya. Anaishi nje ya mipaka ya jiji, kama watu wengi sana wa kaunti hii, na serikali yake ya karibu ni kaunti pamoja na ile wilaya ya maji yenye bodi yake ya wakurugenzi, inayochaguliwa kwa kura chache mno kwa sababu hakuna anayejua kuwa ipo.

Kila mstari wa bili ile ni serikali nzima yenye uwezo wa kutoza kodi. Wilaya ya hospitali ndiyo inayoendesha Ben Taub, mahali ambako wengi wetu tusio na bima tumetibiwa. Mamlaka ya mafuriko ndiyo iliyopewa idhini ya kukopa dola bilioni 2.5 kwa kura ya Agosti 2018, mwaka mmoja baada ya kimbunga Harvey. Kwa vile jimbo halitozi kodi ya mapato, uzito unaangukia hapa na kwenye kodi ya mauzo, asilimia 6.25 ya jimbo na hadi 2 ya mamlaka za chini, ile 8.25 unayoiona kwenye risiti ya dukani. Shangazi alinizuia nisiondoke na bili yake mpaka nimwandikie majina yote na kazi zake kwa Kiswahili.

Baada ya hapo tulitakiwa kuhudhuria kikao cha Commissioners Court, baraza linaloongoza kaunti. Linaitwa korti lakini hakuna kesi. Kuna makamishna wanne na jaji wa kaunti ambaye kazi yake kubwa ni uongozi. Mwananchi anajiandikisha, anaitwa, anapewa dakika zake kwenye maikrofoni. Mzee mmoja alileta picha za mtaro wa mbele ya nyumba yake uliojaa matope, akazungumza kwa utulivu, na kabla hajafika kiti chake mfanyakazi wa kamishna alikuwa amemfuata kuchukua anwani. Kaka mmoja wa Kenya tuliyekuwa naye, aliyeona kaunti 47 zikianza kwao chini ya katiba ya 2010, aliniambia, "Dada, huku ni kaunti 254, na hii moja ina watu zaidi ya milioni nne." Kaunti ya Loving, magharibi mwa jimbo, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020, na muundo wake ni huu huu: makamishna wanne na jaji.

Na kuna baridi kali ya Februari 2021, umeme ulipokatika Texas. Waliokuwapo wanajua. Niliikumbuka tulipofika kwenye mada ya Tume ya Reli, ambayo licha ya jina lake haishughuliki tena na reli bali inasimamia mafuta na gesi, na makamishna wake watatu huchaguliwa na wananchi. Umeme uko chini ya tume nyingine, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana. Gridi, yaani mtandao wa umeme, ya sehemu kubwa ya Texas imetengwa na ya majirani ili isiwe chini ya wasimamizi wa shirikisho. Mitambo ya gesi ikaganda, mitambo ya umeme ikakosa gesi, na msaada kutoka nje haukuweza kuingia kwa kiasi cha kutosha. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini siku zile kila ofisi ilikuwa ikinyooshea nyingine kidole.

Sasa kasoro. Kitabu kilikuja na msimbo wa kufungulia mazoezi mtandaoni, bei yake ilikuwa kubwa na muhula ukiisha unafungwa. Msimbo wangu ulikataa wiki za mwanzo na huduma kwa wateja ikanizungusha. Kabla hujalipa, muulize mwalimu kama anatumia kitabu cha bure, wapo wanaotumia. Majaribio ya kuchagua jibu yalikuwa ya kukariri tu. Sehemu ya mahakama ilipitiwa haraka mno, wakati Texas ina mahakama mbili za juu, moja ya madai na moja ya jinai, na majaji wake huchaguliwa kwa tiketi ya chama. Kwenye kaunti kubwa karatasi ya kura hujaa majina ya majaji usiowajua, na tangu 2020 huwezi kukichagua chama kizima kwa alama moja. Hilo lilistahili wiki mbili.

Toleo la mtandaoni la wiki chache silipendekezi hata kidogo. Wenzangu waliolichukua walipata alama A na hawakumbuki kitu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Wakati wa somo hili watu huja chuoni kuandikisha wapiga kura, wanagawa fomu kwa kila anayepita. Kama wewe si raia wa Marekani, hata ukiwa na kadi ya kijani, usijaze. Kudai uraia usio nao kunaweza kukuharibia karatasi zako zote za uhamiaji. Kusoma somo, kuingia kwenye vikao na kusikiliza hakuhitaji uraia. Kama wewe ni raia, hakikisha umejiandikisha angalau siku 30 kabla ya uchaguzi.

Ukiweza kupanga, lichukue muhula wa Januari wa mwaka ambao bunge linakutana. Kikao kijacho cha kawaida kinaanza Jumanne ya pili ya Januari 2027. Chagua muswada mmoja unaokugusa, wa leseni za wauguzi au wa ada za vyuo, uufuatilie kwenye tovuti ya bunge kuanzia siku unapopewa namba, na siku utakapojadiliwa kwenye kamati panda basi uende Austin. Jengo la bunge liko wazi kwa kila mtu na kiingilio ni bure.