Jiko la kuni lenye themostati: tathmini baada ya majira mawili ya baridi

Wengi wetu tuliohamia jimbo la Maine, Marekani, kutoka Kongo na Afrika Mashariki tulizoea jiko la kuni la kupikia, ambalo mtu hulisimamia kwa mkono wake: akitaka moto mkali husukuma kuni ndani, akitaka upungue huzivuta. Jiko hili la chuma, nililolinunua la mtumba ili lipashe joto nyumba yetu karibu na Lewiston, hujirekebisha lenyewe bila umeme hata kidogo, na kwa hilo tu ningelisifu, kwa sababu barafu ikielemea nyaya huku tunaweza kukaa gizani siku nzima.

Kazi hiyo hufanywa na themostati, yaani springi ya metali mbili zilizoshikanishwa, iliyo nyuma ya jiko. Kwa kuwa metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, jiko likipata moto springi hujikunjua, mnyororo mwembamba hulegea na kilango cha hewa hushuka. Jiko likipoa, springi hujikunja tena na kukiinua. Wenzo wa nje huamua tu kilango kianze kufunga jiko likiwa na moto kiasi gani.

Msimu wa kwanza sikuwa na malalamiko. Wa pili, moto ulianza kuvuma hata wenzo ukiwa chini kabisa, nikakaribia kuagiza springi mpya. Kumbe mnyororo ndio uliokazwa mno: jiko likiwa baridi na wenzo ukiwa chini, kilango kilibaki wazi kwa unene wa kidole, ilhali kitabu cha jiko langu kinataka kifunge kabisa. (Si majiko yote yako hivyo, fuata kitabu cha jiko lako.) Niliulegeza pingili mbili, kisha nikapangusa majivu na vumbi kwenye springi kwa brashi laini, bila mafuta, kwa maana mafuta hunasa vumbi zaidi.

Moto ulipungua, lakini haukutulia. Hapo nikafunga mlango juu ya kipande cha karatasi, nikakivuta, nacho kikatoka bila kushikwa: kamba ya kuzibia mlango ilikuwa imekwisha. Themostati hutawala hewa inayopita kwenye kilango chake tu. Ile inayopenya mlangoni haiijui. Nilibadilisha kamba, na tangu siku hiyo wenzo unatii.

Udhaifu wa themostati hii ni kwamba hupima joto la jiko, wala si la chumba, na hujibu polepole. Zaidi ya hayo, haijui moshi. Ukiweka kuni mbichi na kushusha wenzo usiku kucha, kuni zitafukiza na kriosoti, masalia meusi ya moshi yanayowaka kwa urahisi, itagandamana kwenye dohani, nayo ikishika moto inaweza kuteketeza nyumba. Kwa hiyo natumia kuni zenye unyevu chini ya asilimia 20, nimebandika kipimajoto cha sumaku kwenye bomba la moshi, ambalo joto lake kwa nje nalidumisha kati ya nyuzi 120 na 240 za Selsiasi hivi, na fundi hukagua dohani kila mwaka kabla ya baridi.

Ningelinunua tena, ila safari hii ningekwenda kwa muuzaji na karatasi na tochi, nikague mlango na mnyororo kabla ya kulipa.