Uzoefu wangu: kozi za useremala na faiba chuoni

Nimesoma kozi mbili fupi za jioni katika chuo kimoja cha ufundi hapa Dar es Salaam: useremala, kisha utengenezaji wa vitu vya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa kimiminika kiitwacho rezini. Kama mfuko unaruhusu, soma zote mbili, na useremala utangulie.

Sababu yake niliiona tulipofika kwenye kalibu, yaani ganda ambalo faiba hulazwa ndani yake ili ipate umbo. Boti au tangi la faiba huanzia kwenye umbo ambalo mara nyingi fundi amelichonga kwa mbao na plaiwudi. Mkwaruzo ukibaki kwenye umbo hilo, unahamia kwenye kalibu, na kila boti itakayotoka humo itazaliwa nao. Sisi tuliokwisha kushika randa na msasa tulijua kupapasa kwa kiganja na kulikuta bonde ambalo jicho halilioni. Wenzetu walioanzia faiba walihangaika sana hapo.

Mwalimu wa useremala nampa alama zote. Hakuturuhusu kugusa mashine mpaka tujue kunoa patasi na kuunga mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari. Mninga alitufundisha kuusoma nyuzi zake kabla ya kupiga randa, maana ukienda kinyume unachanika.

Kwenye faiba, kipimo ndicho kila kitu. Rezini ya poliesta huwekwa hadina (dawa ya kuigandisha) asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa joto la Februari, ukikaribia gramu 20 rezini inaganda ndoani kabla hujamaliza kupaka, na ndoo yenyewe inachemka. Ukishalaza mkeka wa nyuzi na kuulowesha, unapitisha rola ya chuma polepole mpaka weupe wote upotee na uone rangi ya chini yake. Palipobaki weupe pana hewa, na hapo ndipo patakapopasuka baadaye. Kazi hii niliipenda kuliko zote.

Kilichonikera ni usalama. Tulipewa barakoa za kitambaa, ambazo mvuke wa rezini unapita kama hazipo. Wengine walitoka na kichwa kinauma. Tena hadina na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) vilikaa rafu moja, na hivyo viwili vikikutana moja kwa moja vinaweza kulipuka. Kobalti huchanganywa kwanza kwenye rezini, hadina ifuate baadaye. Tuliposema, vilitenganishwa siku ileile, lakini barakoa zenye vichujio tulijinunulia wenyewe.

Kabla ya kulipa ada, omba uingizwe karakana wakati wa kipindi. Angalia kama madirisha yanapitisha upepo, kama kuna mizani ya kupimia gramu, na wanafunzi wangapi wanagombea rola moja. Uliza pia kama rezini imo kwenye ada. Kwetu haikuwemo, na ndiyo iliyokula pesa nyingi zaidi.