Mnara wa redio wa ziwani: wa miguu mitatu au wa nyaya?
Kwa kituo cha VHF (redio ya masafa ya juu sana, inayotumiwa na vyombo vya majini) kando ya Ziwa Victoria, tunachagua mnara wa miguu mitatu usioshikiliwa na nyaya. Bei iko juu na hula zege jingi, lakini nyaya ndizo huua ndege usiku wenye ukungu. Karibu na kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, makao ya korongo-nyangumi, ndege mkubwa na adimu, hilo si dogo. Taa nyekundu ya mnarani iwe ya kuwaka na kuzima. Inayowaka mfululizo huvuta ndege wanaohama. Umeme uwe wa sola, maana dizeli ikivuja huishia ziwani.

Kasoro? Kutu huanzia kwenye boliti, pale zinki inayokinga chuma ilipokwaruzwa wakati wa kufunga. Usiusimamishe ufuoni: kilimani, chaneli 16 (megahezi 156.8), ile ya wito na dharura, hufika mbali zaidi.