Kuhamia Universal Credit: nani alinieleza vizuri na nani alinichanganya

Jamaa wengi hapa Uingereza wananiuliza nilipitaje kutoka mafao ya zamani ya serikali hadi Universal Credit, fungu moja lililochukua nafasi yake, basi naandika mara moja niwe nawatumia hii. Halmashauri yetu haikutuachia barua ya serikali peke yake. Iliwatumia watu wa vituo vya watoto, benki ya chakula, mashirika ya nyumba na zahanati watuambie kwamba mafao ya zamani yanafungwa. Wengine waliifanya kazi hiyo vizuri ajabu. Wengine heri wangenyamaza.

Hali yangu ni hii. Nahudumia wazee majumbani, saa ishirini na kitu kwa wiki, nina watoto wawili, nimepanga nyumba ya shirika. Miaka yote nilikuwa napata Tax Credits, msaada wa wenye kipato kidogo, kutoka kwa watu wa kodi, na Housing Benefit, msaada wa pango, kutoka halmashauri. Hiyo ya pili sikuwahi kuishika mkononi, ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya pango.

Barua ilifika Juni 2024. Juu imeandikwa "Migration Notice". Jamani! Mtu aliyekaa miaka akisubiri karatasi za ukaazi, akiona neno hilo kwenye barua ya serikali, hafiki mstari wa pili. Nikaichomeka nyuma ya birika la umeme na kila nilipochemsha chai nilikuwa naiona ncha yake. Ikakaa pale wiki tatu. Baadaye nikajua sikuwa peke yangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu alikuwa ameitafsiri kwa nia njema, "Notisi ya Uhamiaji", na jirani yangu Mkongomani akaenda nayo kwa wakili wa mambo ya uhamiaji. Alilipa pesa ili aambiwe kwamba haihusiani na viza yake hata kidogo. Waliokuwa wanahamishwa si watu, ni mafao: sita ya zamani yalikuwa yanaingizwa kwenye fungu moja liitwalo Universal Credit.

Aliyeniokoa ni dada wa mapokezi pale kituo cha watoto, ninakompeleka mdogo kucheza siku za Alhamisi. Wakati nasaini jina kwenye daftari akaniuliza, "Dada, umepata barua yoyote yenye tarehe ya mwisho?" Basi. Angeniuliza kama najua habari za mabadiliko ya mafao ningesema ndiyo najua, ili yaishe niende zangu. Lakini barua yenye tarehe ya mwisho? Nilikuwa nayo, nyuma ya birika. Nilimwuliza siku nyingine swali hilo kalitoa wapi, akacheka, akasema halmashauri iliwapa mafunzo ya nusu siku na hilo ndilo pekee alilolikumbuka.

Akaniandikia jina kwa ajili ya Jumanne, benki ya chakula, ambako halmashauri ilikuwa inamtuma mshauri wa mafao kila wiki. Nilisitasita. Sikuwa nimewahi kwenda kuchukua chakula pale, na niliogopa kuonekana kwenye foleni. Kama na wewe una hofu hiyo, mlango ni mmoja kweli, ila mshauri anakaa chumba cha nyuma na hakuna anayekuuliza umefuata nini.

Chumba chenyewe ni cha watoto wa shule ya Jumapili. Tulikaa kwenye viti vyao, magoti yamefika kifuani, mimi na mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Hakunipa kipeperushi. Alisema, "Nipe barua yako," akaifungua mezani, akachukua kalamu ya kijani akazungushia tarehe moja ya Septemba. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akauliza, "Siku hiyo ikipita hujaomba, nini kitatokea?" Nikasema watanihamisha wenyewe. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hakuna atakayekuhamisha. Wanayafunga ya zamani, na hili jipya lazima uliombe mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa, na naamini hapo ndipo wengi walipopotea. Tulipewa miezi mitatu tangu tarehe ya barua. Aliyeomba ndani ya muda huo, na hesabu mpya ikatoka ndogo kuliko alichokuwa anapata, aliongezewa kiasi cha kufidia ile tofauti. Nyongeza hiyo huliwa polepole kadiri sehemu nyingine za Universal Credit zinavyopanda, lakini mwanzoni inakushikilia. Aliyezembea tarehe ikapita, aliweza kuikosa kabisa.

Alinieleza pia yale ambayo barua inayataja kwa maneno matamu. Malipo ya kwanza yanachukua kama wiki 5. Tax Credits, ambazo zilifungwa kabisa Aprili 2025, zilikuwa zinakatika ukishaomba, lakini Housing Benefit ilikuwa inaendelea wiki 2 zaidi na hiyo hairudishwi. Kuna pesa ya kutanguliziwa ukibanwa, haina riba, ila ni mkopo na watakukata kila mwezi hadi iishe. Na kuanzia hapo malipo ni mara moja kwa mwezi, pango likiwa ndani yake, linaingia kwenye akaunti yako wewe. Alirudia hilo la pango mara tatu. Nilidhani ananiona mzito wa kuelewa. Kumbe alikuwa amewaona wenzangu.

Maombi tuliyajaza kwa simu yangu siku hiyo hiyo, isipokuwa kuthibitisha utambulisho, ambako mtandao ulinikataa mara mbili ikabidi niende Jobcentre, ofisi ya serikali ya kazi na mafao, na pasipoti. Siku ambayo mama yule hakuwepo nilipiga simu Help to Claim, ile huduma ya bure ya Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, inayomshika mtu mkono hadi malipo ya kwanza kamili. Nilisubiri sana kwenye laini lakini nilijibiwa swali nililouliza, si swali jingine.

Sasa shirika la nyumba. Hawa nao ni washirika wa halmashauri, nembo yao iko kwenye kila kipeperushi. Julai walitutumia ujumbe wa simu wapangaji wote, kwa maana kwamba mafao yanahamia Universal Credit na hatuhitaji kufanya chochote kuhusu pango kwa sasa. Nadhani walimaanisha kwamba pango halijapanda. Lakini mtu anayesoma akiwa kwenye basi anaelewa nini? Nilipiga simu kuuliza, kijana akaniambia nisome barua yangu. Septemba, kabla sijajipanga na malipo ya mwezi, wao hao wakaniletea barua ya deni yenye maandishi mekundu, wakati wanajua fika kwamba wiki zile 5 kila mpangaji wao anazipitia. Mimi nilikuwa nimeonywa mara tatu na mama wa miwani, pesa ya pango ilikuwa bado ipo. Jirani wa ghorofa ya chini yeye aliona pesa nyingi imeingia kwa mkupuo akadhani ni malimbikizo. Alinunua magodoro.

Kuna kosa jingine ambalo kwangu ni baya kuliko hilo, maana halirekebishiki. Kwenye zahanati moja hapa karibu palibandikwa bango linalohimiza watu waombe Universal Credit mapema wasichelewe. Mfanyakazi mwenzangu alilisoma akisubiri daktari, akaomba usiku ule ule. Barua yake ilikuwa haijafika. Aliyeomba kwa hiari yake kabla ya kupata barua, ile fidia hakupewa, na kwenye Tax Credits hakurudi tena. Amepungukiwa kila mwezi, na kosa lake ni kuwahi. Ninavyojua, aliyebandika bango alikuwa na nia njema kama yule mtafsiri wa WhatsApp. Taarifa ya kweli kwa mwenye barua iligeuka mtego kwa asiye nayo, na bango haliwezi kukuuliza kwanza kama barua umepata.

Halmashauri yenyewe nayo ina lake. Punguzo la kodi ya halmashauri halimo ndani ya Universal Credit, unaliomba kivyake, kwao. Zamani niliona kama linakuja pamoja na Housing Benefit, sikulifikiria. Kipeperushi chao kililitaja ukurasa wa nyuma, mstari wa mwisho, chini ya namba za simu, kwa herufi za kusomea kwa tochi. Novemba ikaja bili nzima. Yaani waliwafundisha watu wa vituo vya watoto habari za idara ya serikali kuu, wakasahau kuwafundisha habari za dirisha lao wenyewe.

Nyota? Kituo cha watoto 5, na zote ni za dada wa mapokezi. Mshauri wa benki ya chakula ningempa 5 pia kama angekuwa anakuja zaidi ya siku moja kwa wiki. Jumanne ya mwisho ya Agosti watu kumi na kitu walirudi nyumbani bila kuonwa. Shirika la nyumba 2, ya pili kwa sababu walikubali jirani yangu alipe deni lake kwa pauni 12 kwa mwezi. Halmashauri sijui niipe ngapi. Nimeomba punguzo langu lihesabiwe tangu Julai, na barua ya ombi hilo nilimpelekea kwanza mama wa miwani aizungushie tarehe.