Maonyesho mazuri, lakini walichomwambia shangazi yangu siwasamehe

Nimejaribu kusubiri hasira zipungue ndipo niandike. Hazipungui, kwa hiyo naandika nazo.

Nazungumzia nyumba moja ya ufinyanzi na sanaa iliyoko kijijini. Huweka maonyesho ya vyungu na michoro, na mara kwa mara hualika majirani na wageni waje kufinyanga wenyewe, vyombo vyao vichomwe pamoja na vya wasanii, kisha vyote viingie kwenye maonyesho. Wazo hilo nalipenda mpaka leo, na ndilo lililonifanya nimshawishi shangazi yangu twende. Shangazi alifinyanga tangu usichana wake, akaacha vidole vilipoanza kukakamaa. Aliposikia kuna udongo na tanuri la kuni, alikuwa tayari kabla yangu.

Siku ya kufinyanga ilikwenda vizuri mno. Udongo ulikuwa laini, umechujwa, hauna hata chembe ya kokoto. Vijana waliotusaidia walikuwa na subira na watoto, na walijua kunyamaza pale mtu anapojua anachofanya. Shangazi hakugusa gurudumu la kufinyangia. Aliviringisha kamba za udongo, akazipandisha moja juu ya nyingine, akaziunganisha kwa gumba kutoka ndani, akapata bakuli pana lenye mdomo ulioinama kidogo. Karibu na kitako aliacha alama ya gumba lake makusudi. Hiyo ndiyo sahihi yake. Msichana mmoja kati ya wale wasaidizi alisogeza kiti akaketi kumtazama tu. Kwa siku ile peke yake ningewapa nyota zote.

Maonyesho nayo, haki yao niwape. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya chungu kwa muda mrefu, ila pale nilisimama. Ukutani palikuwa na habari za Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye picha yake akifinyanga iko kwenye noti ya naira 20, na jinsi alivyouzunguka mtungi kwa miguu yake huku akiupandisha kwa mikono, pasipo gurudumu. Pembeni yake Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, anayejenga vyombo kwa mkono na kuvisugua mpaka ving'ae bila glezi, yaani ule mpako unaogeuka kioo motoni, kisha vingine huvichoma kwa kuvinyima hewa hadi viwe vyeusi. Maelezo yale yaliandikwa kwa heshima kubwa kwa wanawake wanaofinyanga kwa mikono yao. Hiyo heshima iwekeni akilini.

Tanuri lao ni la kuni, na kulichoma ni kazi ya usiku na mchana. Watu hulisha kuni kwa zamu mpaka joto lipande kwenye nyuzi 1,250 hivi au zaidi, glezi iyeyuke na kuwa kioo. Baada ya hapo tanuri huzibwa na kuachwa lipoe lenyewe, na tanuri kubwa la matofali linaweza kuchukua siku kadhaa. Hapo hakuna njia ya mkato. Ndani ya udongo mna chembe za kwatzi, madini yaleyale ya mchanga, na kwatzi ina tabia ya kubadilika ghafla joto linapopita nyuzi 573: likipanda inatanuka, likishuka inasinyaa. Chombo kikipita hapo upande mmoja una moto na mwingine umepigwa na baridi, ni kupasuka tu.

Sasa, sherehe ya kufungua tanuri ilikuwa imeshatangazwa. Wageni wamefika, viti vimepangwa, kipaza sauti kinanguruma. Tanuri bado. Hata ukisimama mbali kidogo uso ulikuwa unaungua. Msimamizi wa siku ile akaamuru matofali ya mlango yaanze kutolewa ili wageni wapige picha. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kuni tangu mwanzo alisema wazi, "Bado, bwana. Liache lilale hata usiku mmoja." Hakusikilizwa. Matofali ya juu yalipotoka upepo uliingia, tukaanza kusikia kutoka ndani: ting, ting, ting. Wageni wakapiga makofi. Sauti hiyo mara nyingi ni glezi tu inayojichora nyufa nyembamba kwa sababu inasinyaa kuliko udongo ulioibeba, na wapo wanaoipenda. Kisha ikaja nyingine, moja tu, nzito na kavu. Shangazi akanishika mkono.

Bakuli lake lilitoka vipande viwili.

Ajali ni ajali. Hakuna mfinyanzi ambaye hajawahi kupasukiwa na chombo. Yule bwana angesema "pole mama, tuliharakisha", leo ningekuwa naandika sifa tupu. Badala yake alivitazama vile vipande bila kuvigusa, akamwambia shangazi mbele za watu: "Mama, hukuukanda udongo wako vizuri. Ulibaki na hewa. Siku nyingine mfuate mwalimu." Kisha akarudi kwenye simu yake.

Mfuate mwalimu! Anaambiwa mwanamke aliyefinyanga kabla huyo bwana hajazaliwa, ndani ya ukumbi uliojaa sifa za wanawake kama yeye.

Shangazi hakujibu. Aliokota kipande, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ufa, akanipa na mimi nipitishe. Ulikuwa unakata. Glezi ilikuwa imekatika sambamba na udongo, ncha kali pande zote mbili. Anayelijua tanuri anajua maana yake. Ufa ukitokea joto linapopanda, glezi huwa bado haijayeyuka. Ikija kuyeyuka baadaye hukusanyika kwenye kingo za ufa na kuzilainisha. Ukingo mkali maana yake chombo kiliiva kizima, glezi ikaganda, ndipo kikapasuka katika kupoa. Yaani ni ule mlango.

Na hilo la hewa limerudiwa mpaka watu wameliamini. Kinacholipua chungu ni maji. Udongo ukiingia motoni haujakauka, maji yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke unaotaka nafasi takriban mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke ukikosa pa kutokea, chombo kinalipuka mwanzoni kabisa mwa uchomaji na kuwa vigae vidogovidogo. Bakuli la shangazi lilishapita uchomaji wa kwanza salama salimini, ndipo likapakwa glezi! Hiyo hewa ya kulipasua ilikuwa imejificha wapi muda wote huo?

Nilimfuata yule msimamizi nikamweleza. Akanijibu kwa nyodo kwamba Wajapani hutoa vyombo tanurini kwa koleo vikiwa vyekundu na havipasuki. Ni kweli, vyombo vya raku, ufinyanzi wao mmoja wa jadi, hutolewa hivyo. Lakini udongo wa raku huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili uvumilie mshtuko, na joto lake ni la chini, karibu na nyuzi 1,000. Wanaochoma vyungu kwenye moto wa wazi nao huchanganya hivyo hivyo, shangazi akiwa mmoja wao. Udongo tuliopewa sisi ulikuwa laini mtupu, wameuchuja wao wenyewe. Nilipogeuka nikaona jambo jingine: vyombo vya wasanii vyote vina majina, ila meza yetu imeandikwa "kazi za wanajamii", basi. Hakuna jina hata moja.

Nilitaka niwaambie msikanyage pale. Lakini yule msichana aliyeketi kumtazama shangazi alitukimbilia getini, vipande amevifunga kwenye gazeti, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake na kumuuliza shangazi kama angekubali kumfundisha ule mdomo wa bakuli. Na yule mzee wa kuni alikuja kutuaga kwa mikono miwili. Mahali penye watu wa namna hiyo siwezi kusema pafungwe. Kwa kweli, kwa maonyesho peke yake, nendeni. Halafu nakumbuka "mfuate mwalimu" nachemka upya.

Wametangaza siku nyingine ya kufinyanga. Shangazi anataka kwenda kwa ajili ya yule binti, na nitampeleka. Nimewaandikia kwamba siku ya kufungua tanuri ipangwe na mzee wa kuni na si na ratiba ya wageni, meza ya wanajamii iwe na majina, na yule bwana amwombe shangazi radhi mbele za watu, kama alivyomwaibisha mbele za watu. Hawajajibu. Wakijibu nitarekebisha nyota. Kwa sasa nawapa moja, na hiyo ni ya yule msichana.